Daftari la Kila Siku

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaijua sote, lakini mara nyingi twaisikia kana kwamba yahusu fedha tu. Mwenye duka huandika sukari aliyokopesha, na mweka hazina huandika sadaka mpaka shilingi ya mwisho. Ila siku zetu wenyewe, na ahadi tulizozitoa njiani, na kazi tulizozianza zikabaki nusu, hizo twaziacha kichwani, na kichwa ni kikapu kilichotoboka. Mwezi huu twataka kufundishana jinsi ya kuyaweka mambo hayo katika daftari, na hasa jinsi ya kuyatoa humo tena.

Twaanza kwa aibu yetu wenyewe, maana somo hili hatukulipata shuleni. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumtazama bibi mmoja mgonjwa, aliyekaa peke yake katika kihamba chake mlimani. (Kihamba, kwa wasomaji walio mbali, ni shamba la migomba la ukoo.) Mwanawe alikuwa mjini. Bibi akatuomba tumwandikie mwana barua, tumweleze mpaka wa kihamba kwa upande wa chini: masale ya kwanza yalipandwa wapi, na yale yaliyong'olewa na maji siku mfereji ulipobomoka yalikuwa yamesimama mahali gani. Akasema, “Mwalimu, waliojua habari hii wamekwisha wote, nimebaki mimi. Usinisahau.” Tukamjibu, “Sikusahau, bibi. Leo hii hii nitaandika.”

Tukatoa bahasha mfukoni, tukaandika maneno yake mgongoni mwa bahasha kwa penseli, tukaitia katika koti. Jioni ile tukaitwa msibani. Kesho yake palikuwa na mkutano. Jua likawaka, koti likatundikwa nyuma ya mlango. Bahasha tuliiona baada ya miezi mitano, na bibi alikuwa amekwisha kuzikwa majuma sita. Pale ilipokunjwa penseli ilikuwa imefutika, na katika mistari minne ni miwili tu iliyosomeka. Wakati huo mwana na jirani walikuwa wamekwisha kushitakiana. Wazee walikaa siku mbili, wakakigawanya kile kipande katikati, wala hapakuwa na aliyeridhika.

Sasa angalieni neno moja. Hatukukosa kuandika, tuliandika saa ile ile, mbele ya bibi. Tulichokosa ni mahali pamoja pa kuandika, na siku iliyowekwa ya kurudi kusoma. Mtu aandikaye asirudi kusoma amejidanganya, maana moyo wake umetulia kana kwamba kazi imetendeka. Ni heri asiyeandika, kwa kuwa yeye angali na wasiwasi.

Vitabu vitatu vya wafanya biashara

Tulipoanza kutafuta dawa ya kosa hili, tuliona kwamba watu wa zamani walikwisha kuitafuta. Neno lenyewe, daftari, limesafiri mbali. Sisi tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni neno la Kiyunani lililokuwa na maana ya ngozi iliyotengenezwa, kwa kuwa watu waliandika juu ya ngozi kabla ya karatasi kuenea.

Katika mji wa Venice, nchi ya Italia, mwaka 1494, kilipigwa chapa kitabu kikubwa cha hesabu, kazi ya mtawa mmoja wa Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli. Ndani yake mna sehemu inayoeleza jinsi wafanya biashara wa Venice walivyoweka vitabu vyao. Hakuubuni yeye utaratibu ule. Wenyeji walikuwa wakiutumia tangu zamani, naye aliukusanya akaueleza. Mwenye biashara alikuwa na vitabu vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha ukumbusho: kila jambo lililotokea liliandikwa humo saa ile ile, bila kupambwa, na aliyekuwapo ndiye aliyeandika, awe bwana, au mkewe, au mtumishi, mradi ajue kuandika. Cha pili kilikuwa kitabu cha siku: mwenyewe aliketi akayachukua yale ya kwanza, akayaandika upya kwa taratibu. Cha tatu ndicho kitabu kikuu, ambamo kila mdai na kila mdaiwa alikuwa na mahali pake. Kila neno lilipokwisha kuhamishwa, lilipigwa mstari katika kitabu lilikotoka, ili jicho lione mara moja ni lipi limevuka na lipi lingali ng'ambo.

Ule mstari ndio uliotufundisha sisi. Bahasha yetu haikuwa na mstari, wala hapakuwa na mahali pa kuivusha. Wale wafanya biashara hawakuwa na akili kuliko bibi zetu, wala hawakukumbuka zaidi. Ila walikubali mapema kwamba watasahau, wakajiwekea njia ya kupita neno kutoka mkono mmoja hata mwingine, na katika kila kivuko palikuwa na alama.

Mtu aliyetoboa karatasi

Wa pili tunayetaka kumtaja ni Benjamin Franklin wa Marekani, aliyezaliwa Boston mwaka 1706, akawa mpiga chapa katika mji wa Philadelphia. Alipokuwa kijana alitaka kujirekebisha tabia zote kwa mpango. Akatengeneza kijitabu, akaorodhesha tabia njema 13, na kila moja akaipa ukurasa wake. Ukurasa ulipigwa mistari ya wino mwekundu: safu saba kwa siku saba za juma, na mistari 13 kwa zile tabia. Kila jioni alijihoji, na palipokuwa na kosa akatia doa jeusi. Kila juma aliiangalia hasa tabia moja. Hivyo kwa majuma 13 alizimaliza zote, akaanza tena, mara nne kwa mwaka.

Hapo pana jambo linalochekesha kidogo. Mzunguko ulipokwisha, alifuta madoa ili kupata nafasi ya madoa mapya, na kwa kukwangua sana karatasi ikatoboka matundu. Ikambidi ahamishe mistari yake juu ya vibapa vyembamba vya pembe ya tembo, ili madoa ya penseli yafutike kwa sponji yenye maji.

Katika tabia zote, iliyomshinda kuliko nyingine ilikuwa ile ya utaratibu, yaani kila kitu mahali pake na kila kazi saa yake. Alijipangia saa zote 24: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kulala saa nne usiku, na katikati kazi, chakula, kusoma na kuweka vitu mahali pake. Lakini, kama alivyoeleza mwenyewe, mpango wa namna hii wamfaa fundi wa kuajiriwa, ambaye saa zake hazisumbuliwi. Haumfai mwenye kazi anayepaswa kuwapokea watu saa waitakayo wao. Aliandika habari hizi mwaka 1784 alipokuwa Ufaransa, mzee wa miaka 78, na alikiri wazi kwamba katika neno la utaratibu hakufaulu.

Twapenda ungamo hili kuliko yale madoa yote. Mwalimu wa kanisa, na mama mwenye watoto, na mganga wa zahanati, hao wote hupokea watu saa waitakayo watu. Asubuhi umepanga kupalilia. Saa mbili mtu yuko mlangoni, mtoto wake ameanguka mtini. Ukiwa na daftari lililokatwa saa kwa saa, jioni utalitazama kama mdaiwa anavyomtazama mdai, na baada ya juma utalificha chini ya kitanda. Tumewaona wengi walioanza mwezi wa kwanza kwa bidii, wakaacha kabla ya masika. Hawakuwa wavivu. Walichagua daftari la mtu asiyeitwa-itwa.

Alama chache

Kwa hiyo yafaa daftari lisilogawa saa, bali lipokee siku jinsi inavyokuja. Njia inayotupendeza sisi ni ile aliyoitangaza Ryder Carroll, mchoraji wa kazi za kompyuta katika Brooklyn, New York, mwaka 2013, akaieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2018. Aliita Bullet Journal. Tangu utotoni alikuwa na shida ya kutuliza mawazo mahali pamoja, na alama zake alizibuni kidogo kidogo ili kujisaidia mwenyewe. Si ajabu kwamba mtu wa kompyuta alirudi kwenye karatasi? Tutalirudia neno hilo baadaye.

Chukua daftari la kawaida la shule, au kaunta buku ukipenda lidumu, na kalamu moja. Andika namba za kurasa zote kwanza. Kazi hii ni ya jioni moja, na watoto hufurahi kuifanya. Kurasa mbili za mwanzo uziache ziwe orodha ya yaliyomo. Kurasa nne zifuatazo zigawe kwa miezi ijayo, na humo uandike mambo ya mbali: mwezi wa ada ya shule, mwezi wa kupanda, arusi ya mpwa wako, siku ya kumrudisha mtoto kliniki. Kisha funguka ukurasa wa mwezi tulio nao: upande mmoja shusha tarehe zote, mstari mmoja kwa siku, upande wa pili kazi za mwezi huo. Baada ya hapo hufuata siku zenyewe, moja baada ya nyingine. Usizitengee nafasi sawa. Siku yenye mambo mengi na ichukue ukurasa mzima. Siku ya mistari miwili na ichukue miwili.

Kila neno huandikwa kwa ufupi, na mbele yake alama. Nukta ni kazi ya kutenda. Duara ni tukio lenye siku yake. Kistari ni habari ya kukumbukwa tu. Tazameni siku moja katika daftari letu:

Jumanne
• Kupeleka mchango wa mfereji kwa mwenyekiti wa maji
• Kushonesha kiatu cha mtoto
o Mkutano wa wazazi shuleni, saa nane mchana
– Bati la jikoni linavuja upande wa mashariki
• Kumwuliza fundi bei ya bati moja

Mnaona jinsi kistari kilivyozaa nukta. Habari ya bati ingebaki habari mpaka mvua ya pili, lakini kwa kuwa iliandikwa, jicho liliiona na mkono ukaongeza kazi chini yake.

Kazi ikitendeka, nukta hugeuzwa kuwa msalaba. Kazi ikihamishwa mbele, nukta hutiwa alama kama ncha ya mshale inayoelekea kulia. Ikiwa ni ya mwezi wa mbali, ncha huelekea kushoto, maana imerudishwa katika zile kurasa za mwanzo. Ikiwa haina maana tena, hukatwa kwa mstari. Hakuna zaidi. Wako watu wanaochora maua na kupaka rangi, na katika mitandao utaona kurasa nzuri kama kitambaa cha meza. Hatuwakatazi, ila tumemwona ndugu mmoja aliyenunua daftari la ngozi la bei kubwa, akaogopa kuliharibu kwa mwandiko wake, na mpaka leo ni jeupe. Anaandika juu ya maboksi.

Kuhamisha kwa mkono

Sasa tunafika penye kiini. Mwisho wa mwezi, keti na daftari kwa muda wa kama nusu saa. Rudi ukurasa kwa ukurasa, utafute kila nukta isiyo na msalaba. Kila moja iulize: Je, bado ni kazi? Ni kazi yangu? Ikiwa ndiyo, iandike tena kwa mkono katika mwezi mpya. Ikiwa sivyo, ikate.

Mtu atasema, kuandika neno lile lile mara ya pili na ya tatu ni usumbufu. Ndiyo, na usumbufu ule ndio faida yenyewe. Carroll aeleza kwamba kazi ambayo huna nguvu ya kuiandika upya, labda haikustahili kubaki. Sisi tumejiwekea desturi yetu: kazi iliyohamishwa mara tatu haihamishwi mara ya nne. Siku ile ile hutendwa, au hukabidhiwa mtu mwingine, au hukatwa, na ikiwa tulimwahidi mtu, tunamwendea kumwambia kwamba hatuwezi. Safari hizi za kusema hatuwezi ni ngumu sana. Mara ya kwanza tulizunguka nyumba ya mwenzetu mara mbili kabla ya kupiga hodi. Lakini yeye alicheka, akasema, “Ndugu yangu, nilijua tangu mwezi wa tano, nimekwisha kumpata mwingine.”

Watu wengi watauliza, kwa nini tusitumie simu ya mkononi? Tumeijaribu, na kwa neno moja inalishinda daftari: simu hulia. Ikiwa una dawa ya kumeza saa kumi, usiiamini karatasi. Lakini simu haichoki. Kazi uliyoiandika ndani yake hubebwa kutoka siku hata siku bila mkono wako kuumia, na inaweza kukaa mwaka mzima hujajiuliza kama bado yakupasa. Basi tumegawa hivi: saa ni za simu, ahadi ni za daftari.

Neno jingine lawahusu hasa wenzetu wanaotembelea nyumba za watu. Kitabu cha kwanza cha Venice kilikuwa wazi kwa watu wote wa nyumbani, na yafaa nyumba iwe na daftari kama hilo kwenye rafu ya jikoni, ambalo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuandika, “Chumvi imekwisha.” Lakini daftari la mfukoni ni jingine. Yale uliyoambiwa kwa siri usiyaandike kabisa. Andika herufi ya kwanza ya jina na kazi tu: “Kwenda kwa M.” Kwa nini unakwenda, utakumbuka ukifika. Daftari husahauliwa ndani ya basi, na anayeliokota hupenda kusoma.

Tena msianze kwa kuandika mambo ya mwaka mzima. Aanzaye leo na aandike siku saba tu, bila zile kurasa za miezi, azoee nukta na msalaba. Mwenye kuruka siku tatu asizijaze kwa uongo, wala asianze daftari jipya kwa sababu ya aibu. Na aandike siku ya leo chini ya ile ya mwisho, aendelee.

Daftari likijaa, lisitupwe. Pacioli aeleza kwamba vitabu vya kwanza vilitiwa alama ya msalaba, na vilivyofuata herufi A, kisha B, kwa taratibu, ili mtu ajue mara moja kipi kilitangulia. Tulifuata desturi hiyo, nasi sasa tumefika F. Kila tunapoanza jipya tunahamisha nukta zilizosalia, na pamoja nazo ile bahasha. Tumeibandika kwa gundi kidogo ndani ya jalada, kwenye ukingo mmoja tu, ili iweze kubanduliwa. Mistari yake miwili ingali yasomeka: mmoja wataja mwembe, na mwingine wasema hatua kumi na nne kwenda chini.